Mwenye Cheti Yuko Nyuma

Wiki iliyopita wasomaji wangu mlinigombeza. Mkasema huyu Karwirwa wangu ana moyo wa jiwe. Duka la mumewe limeungua, halii. Mume ameanguka na kiharusi, halii. Mume amekata roho pale hospitalini Meru, naye anamuuliza nesi kama blanketi ni la kurudisha. "Mke gani huyo?" mmoja wenu akaniuliza.

Ni mke aliyechoka, bwana. Kuna watu msiba ukiwaingia hauendi machoni, unaenda kukaa mahali ambapo hata wao hawawezi kuufikia. Acheni kwanza. Sikilizeni yaliyompata Jumamosi, halafu mumhukumu.

Tulimwacha mochari, asubuhi, jeneza la mumewe Kithaka likipakiwa. Safari ilikuwa ya kwenda Gachoka, huko Mbeere, kwa kina Kithaka. Watoto walikuwa wametangulia jana yake. Mazishi yalikuwa saa nane, na hakuna kitu kingine Karwirwa alichokuwa anataka duniani ila kufika, amwage udongo wake, akae chini.

Na tulimwacha Gichovi, mdogo wake Kithaka, akimvuta pembeni.

"Shemeji," Gichovi alisema, "mama amesema silaha ya Kithaka iingie bomani kabla yake."

"Silaha gani?"

"Si unajua kwetu. Mwanamume akifia ugenini, silaha yake ndiyo hupita langoni kwanza. Ndiyo mwili unafuata."

Alijua. Kithaka alikuwa amemhadithia mara nyingi. Baba yao alipofia mbali akiwa kibarua wa barabara, upinde wake ulitangulizwa nyumbani, ukatundikwa juu ya mlango, ndipo jeneza likaruhusiwa kuingia. Baadaye upinde huo alipewa Kithaka, mwana wa kwanza, na sasa ulikuwa ukutani kwao Kinoru, juu ya redio.

"Basi nichukue upinde," Karwirwa alisema.

"Upinde ni wa mzee. Silaha ya Kithaka ni ile bunduki. Mama mwenyewe ndiye amesema, mimi ni mjumbe tu."

Mjumbe hauawi, wanasema. Mimi kuna wajumbe ningewapiga kofi moja tu.

Lakini Karwirwa hakuwa na nguvu za kubishana na mtu. Aliingia tuk-tuk, akaenda Kinoru, akafungua kabati la chuma.

Ilikuwa bunduki ya mitutu miwili. Kithaka aliipata kihalali, ya kulinda shamba lake la viazi kule pembeni mwa msitu, na kila aliposafiri nayo mkewe alimsaidia kuipakia. Kwa hivyo mikono yake ilijua kazi. Aliifungua katikati, akachungulia mitutu yote miwili kuona kama ni mitupu. Akailaza ndani ya kasha lake, akapiga kufuli. Risasi akazitia kwenye kisanduku kingine, na hicho pia akakifunga.

"Bunduki peke yake, risasi peke yake, na mdomo utangulie," Kithaka alikuwa akisema. Maana yake, polisi wakikusimamisha, waambie kabla hawajaiona. Hayo ndiyo aliyomfundisha. Jambo la nne hakuwahi kumfundisha, kwa sababu jambo la nne lilikuwa yeye mwenyewe awepo.

Karwirwa akachukua na cheti, akakitia mkobani. Akarudi mochari, kasha likawekwa nyuma ya gari, kando ya jeneza.

Gari likaondoka. Mbele walikaa watatu: Mithika dereva, Gichovi katikati, na Karwirwa dirishani, kisanduku cha risasi kikiwa chini ya miguu yake. Walipita Nkubu, wakashuka kona za Nithi, wakapanda tena.  Karwirwa alikuwa akisoma majina ya maduka, moja baada ya lingine, na kuyasahau hapo hapo.

Baada ya Chuka wakakuta polisi wameweka misumari barabarani.

Gari la maiti huwa halisimamishwi. Polisi humwona dereva, huona maua, hupunga mkono. Siku hiyo konstebo mmoja mrefu akainua kiganja.

"Poleni na msiba," alisema. "Lakini juzi tulishika bangi ndani ya jeneza tupu, na wenyewe walikuwa wanalia kabisa. Kwa hivyo sasa tunafungua yote. Msinichukie."

Karwirwa alishuka kabla ya kuambiwa.

"Afande, kabla hujafungua, kuna bunduki."

Konstebo akarudi nyuma. "Kuna nini?"

"Bunduki. Iko ndani ya kasha, imefungwa, haina risasi. Risasi ziko mbele, peke yake. Cheti ndicho hiki."

Aliyasema yote kwa sauti moja, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Gichovi, aliyekuwa bado garini, alianza kufuta uso kwa leso.

Konstebo alifungua kasha, akaangalia mitutu, akalinganisha namba na cheti. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mama, mko sawa kabisa. Watu wengi hawajui hata kutenganisha risasi." Akakisoma tena cheti. "Sasa huyu Kithaka ni nani hapa?"

Akamtazama Gichovi. Gichovi akamtazama Mithika.

"Mimi ni dereva tu," Mithika akasema mbio mbio.

"Mwenye cheti yuko nyuma," Karwirwa alisema.

Konstebo akaangalia barabara walikotoka. "Gari gani? Mbona sioni gari?"

"Hili hili. Yuko nyuma hapa."

"Basi mwambie ashuke."

"Hawezi."

"Hawezi kwa nini? Amelewa?"

"Amekufa, afande. Ndiye huyo tunampeleka."

Ngai! Mithika anasema hapo hakujua acheke au atoroke.

 Konstebo akaongea polepole, na kwa heshima, tumpe haki yake. "Mama, cheti ni cha mtu, si cha bunduki. Mtu akifa, cheti kimeenda na yeye. Hii ilitakiwa ipelekwe kituo cha polisi, irudishwe. Wewe huwezi kusafiri nayo hata kutoka hapa mpaka kwa ule mti."

"Lakini ako nayo," Karwirwa alisema. "Sheria inasema mwenyewe asafiri nayo. Wako pamoja hapo nyuma. Hajaiacha."

Hakuwa anafanya mzaha. Hakuwa na mzaha hata kidogo ndani yake. Alikuwa anaeleza tu jinsi mambo yalivyokuwa.

"Nani aliiweka kwa gari?" konstebo akauliza.

Hapo ndipo mtu anajulikana, wasomaji wangu. Siku ya furaha sote ni ndugu.

"Mimi nilikuja kuchukua mwili, afande," Gichovi alisema. "Mambo ya bunduki sijui. Labda umuulize mwenye funguo."

Karwirwa alimtazama. Aliona maneno yanatoka mdomoni mwake, akayasikia, akayaelewa. Hayakumuuma. Aliona tu kwamba kifungo kimoja cha shati la Gichovi kimefungwa kwenye tundu lisilo lake.

Kituo hakikuwa mbali. Waliongozwa hadi huko, gari la maiti na yote, likaegeshwa chini ya jua. Aliyewapokea mezani alikuwa Sajini Njoki, mama wa makamo, mzaliwa wa Embu, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza.

"Woi, mama," alisema baada ya kusikiliza. "Mmepita vituo vya polisi kama vya petroli kutoka huko Meru. Ungekata kona mahali popote, uingie, useme nimeleta bunduki ya marehemu. Hata mimi ningekupokea, nikuandikie risiti, nikupe na chai. Lakini hukuileta. Umekamatwa nayo barabarani. Hayo mambo mawili hayafanani."

"Niandikie sasa basi," Karwirwa alisema. "Nimeileta."

"Imeshachelewa. Na bondi ya kukuachilia kwa kosa la bunduki si mimi natoa, ni korti. Leo ni Jumamosi, imefungwa."

Sajini akapiga simu kwa mkubwa wake. Alisimama dirishani, akisema ndiyo afande, hapana afande, ni gari la maiti afande, ndiyo, na maiti iko ndani. Aliporudi hakukaa.

"Amesema mwili hauna kosa, uende. Lakini mtu mmoja abaki na hii bunduki. Yule aliyeibeba. Ni nani?"

Gichovi akamsogelea Karwirwa, akainama kama anayempa pole.

"Shemeji, sema ni wewe," alinong'ona. "Wewe ni mwanamke, ni mjane, watakuhurumia. Mimi nikibaki, nani atapokea jeneza? Mama haoni. Mwanamume ni mimi peke yangu nimebaki bomani."

Karwirwa alitafuta hasira. Anasema aliitafuta kweli, kama mtu anayepekua mkoba akijua kitu kilikuwemo. Hakuikuta.

"Ni mimi," alimwambia Sajini.

Na uwongo hapo uko wapi? Mikono iliyoibeba ilikuwa yake.

Wakamsindikiza hadi uani. Mithika alikuwa ameshawasha injini. Karwirwa alizunguka akaenda dirishani kwake.

"Huko mbele Runyenjes kuna kona," alisema. "Uende polepole. Kona humtapisha."

Mithika akaweka gia. "Nitaenda polepole, mama."

Gari likatoka langoni. Gichovi hakugeuka.

Basi Karwirwa akakaa kwenye benchi, si seli. Sajini Njoki alimwonea huruma kiasi hicho. Akaletewa chai. Akainywa yote bila kuhisi kama ina sukari. Ukutani palikuwa na saa, na kila alipoitazama alijua walipo: sasa wamevuka Thuchi, sasa wamepita Embu mjini, sasa wameacha lami. Sasa wanawake wameanza kuimba. Aliyajua yote, kama anayesikiliza habari za familia nyingine redioni.

"Mama, lia kidogo," Sajini alimwambia. "Itakusaidia."

"Nitalia nikifika," alijibu.

 Sajini alijua, na Karwirwa pia alijua, kwamba hakuna aliyesema atafika.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama wakati simu ya Karwirwa ilipolia. Ilikuwa juu ya meza ya Sajini. Sajini aliangalia jina, akaiweka sauti ya kusikika na wote.

Alikuwa Mithika, anaongea chini chini. "Mama, huku kuna shida. Jeneza halijashushwa. Gichovi amewaambia watu kwamba umeshikwa ukitorosha bunduki ya marehemu ukaiuze. Watu wamechafuka. Sasa kuna huyu nyanya—"

Simu ikapokonywa.

"Mwanangu," ilisema sauti ya Wamuyu, mama yao kina Kithaka. Karwirwa aliinuka akasimama wima, kama kawaida yake kila anapozungumza na mama mkwe, hata simuni. "Mwanangu, unanisikia? Nimelala juu ya hili sanduku. Nimewaambia wakitaka kulishusha, washushe na mimi."

"Mama, amka, utaumia. Mzikeni tu. Mimi nitakuja nikitoka."

"Nyamaza. Mimi nilimzika baba yao kwa mikono yangu hii. Mwanangu hafukiwi na watu wa kando huku mke wake amefungiwa kama mwizi. Jua likizama kabla hujaja, atalala hapa nje, na mimi nitalala naye." Akavuta pumzi, kifua kikikoroma. "Wanasema ulikuwa unaiba bunduki. Nimewaambia huyo wanayemsema simjui. Sasa niambie wewe. Ile bunduki ulikuwa unaipeleka wapi?"

"Nilikuwa nakuletea wewe, mama. Si uliiagiza?"

 Upande wa pili mtoto alikuwa akilia, na Karwirwa akamtambua. Alikuwa mwanawe mdogo.

"Mimi?" Wamuyu akauliza. "Mimi niagize bunduki ya nini? Mlio wake tu unanipasua kichwa. Niliagiza upinde, mwanangu. Upinde wa baba yao, utangulie langoni. Kwani haukuletwa? Tangu jana nawauliza hapa, upinde uko wapi, hakuna anayenijibu."

"Uko ukutani, mama. Juu ya redio."

"Oi, mwanangu Kithaka. Ameingia nyumbani mikono mitupu."

Karwirwa alikaa. 

Yakamrudia mambo ambayo hakuwa ameyaweka pamoja. Gichovi, mbuzi wake walipoibiwa, amefunga safari mpaka Kinoru, amekaa kwenye kochi anaomba bunduki. "Niazime tu, ndugu yangu, mpaka wezi wasikie kwamba ninayo." Na Kithaka anamkatalia, tena kwa ukali. "Cheti ni changu mimi. Hata huyu mke wangu siwezi kumwachia." Gichovi alirudi kwake bila hata kumaliza chai. Bunduki ikishafika Gachoka, imepita langoni mbele ya wazee wote kama silaha ya marehemu, nani angethubutu kuja kuiondoa?

Sajini Njoki alikuwa ameyasikia yote, na si mjinga. Aliifunika simu kwa kiganja.

"Mama, nani alikuambia kwamba huyo nyanya anataka bunduki?"

Karwirwa aliitazama ile simu.

"Nisikilize vizuri." Sajini alivuta kiti, akaketi karibu naye, magoti kwa magoti. "Nilipompigia mkubwa aliniachia na hili pia. Kama ulitumwa, na aliyekutuma alikudanganya ili ibaki kwake, wewe si mshtakiwa tena, wewe ni shahidi. Shahidi halali hapa. Nikiandika jina, Land Rover iko hapo nje, dereva yuko. Unafika kabla ya giza. Unamzika mumeo, unashika watoto wako."

"Na Land Rover ikirudi?"

"Land Rover haitarudi tupu," Sajini alisema. "Sitakudanganya. Tutamchukua palepale alipo, hata kama ni kaburini."

"Mbele ya mama yake."

"Mbele ya mama yake. Na kosa la bunduki si la siku mbili, unajua."

Karwirwa alitazama mikono yake.  Tangu kiharusi, tangu moto wa duka, uchungu ulikuwa haujamfikia hata siku moja, na sasa ulimfikia wote. Wamuyu alizaa wana wawili tu. Mmoja ndiye huyo aliye ndani ya sanduku. Ukimwondoa wa pili, nani atamshika mkono yule kipofu ampeleke hata chooni? Na usipomwondoa, Kithaka atalala nje kama mzigo usio na mwenyewe, na wale watoto watakua wakiambiwa mama yenu alikamatwa akiiba bunduki ya baba yenu.

Mlinilaumu kwamba haumii. Haya, ndiyo huyo sasa.

"Jua linaenda, mama," Sajini alisema. Alikuwa ameshaweka kalamu juu ya karatasi. Akaondoa kiganja, akamkabidhi simu.

"Mama," Karwirwa alisema.

"Niko. Niambie. Nani alikuambia mimi nataka bunduki?"

Karwirwa akafungua mdomo. Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi.

"Mama, Gichovi yuko karibu na wewe?"

"Yuko hapa," Wamuyu alisema. "Ndiye amenishika mkono, nisianguke."